Nilivyoandika Sauti ya Amplifaya ya Mzee Tonui kwa Kalamu

Vijana wangu wa darasa la elektroniki,

Kabla hamjasoma mbali, nawaomba msamaha kwa mwandiko wangu. Herufi zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na kuna maneno ambayo nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia, si jinsi kamusi inavyotaka. Shule yangu iliishia darasa la nane. Barua hii niliianza Jumatatu, na leo ni Jumatano ya wiki iliyofuata. Mkono wangu ni wa polepole tangu utotoni. Likumbukeni jambo hilo, maana karibu habari yote ninayotaka kuwasimulia imetokana nalo.

Mwalimu wenu aliniambia kwamba wengine wenu mnataka kuandika programu za sauti, hasa zile za kuifanya kompyuta ilie kama amplifaya ya gitaa. Akasema mna kompyuta za kukunja, mna Linux, na kila amplifaya mnayoitaka mnaipata kwenye mtandao ikiwa imeshapikwa. Vizuri sana. Lakini akaongeza kwamba mnaogopa kuanza kwa sababu hesabu ni ngumu. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Mimi nilianza kazi hiyo miaka ya tisini, pale Kapkatet, bila kujua hesabu yoyote zaidi ya kugawanya.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kufanya kazi katika duka la Fundi Njoroge, aliyekuwa akitengeneza redio na mashine za sauti za makanisa. Mama yangu alikuwa mchunaji wa majani ya chai katika shamba kubwa upande wa Kericho. Alitoka Kisii akiwa msichana, na mimi nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi. Nilikuwa na haya sana. Mteja akiingia dukani, mimi niliinama kwenye kazi kana kwamba ile redio ingenitoroka.

Fundi Njoroge alikuwa mtu wa kelele na roho safi. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: "Ogeto, mashine ikiletwa, usiifungue. Inuse kwanza." Na kweli, pua ilitueleza mengi. Kapasita iliyopasuka ina harufu yake, transfoma iliyoungua ina yake, na redio iliyoishi juu ya jiko la kuni ina yake pia. Siku moja nilinusa redio ya mama mmoja wa Sigowet na mende akaniingia puani. Njoroge alisimulia kisa hicho kwa kila mteja kwa mwaka mzima.

Sasa niwajulishe kwa Mzee Tonui.

Alikuwa mkulima, mwenye chai kidogo na ng'ombe wanne, na alikuwa mpiga gitaa aliyejulikana kuanzia Kapkatet hadi Siongiroi. Alipiga zile nyimbo za Kipsigis zenye gitaa linalozunguka na kuzunguka mpaka mguu wako unaanza kusogea bila ruhusa yako. Amplifaya yake ilikuwa sanduku dogo la mbao lenye valvu mbili tu, zile taa za glasi za kukuzia sauti: moja ndogo ya mwanzo, na moja kubwa ya kusukuma spika. Alinunua sanduku hilo kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama, kabla mimi sijazaliwa. Akipiga taratibu, sauti ilikuwa safi kama maji ya mto. Akikaza mkono, iliingia ukali kidogo, kama mtu anayeimba huku akitaka kulia. Ukali huo ndio watu walioufuata.

Siku alipoileta dukani, Njoroge aliinusa, akaifungua, akaitazama ile valvu kubwa ikiwaka. Ndani ya glasi palikuwa na weusi, na sauti ilikuwa ikififia na kurudi.

"Mzee," akasema, "hii imechoka. Na nyingine kama hii sijaiona tangu kifaru awe ndama. Niliwahi kuiulizia Kericho, Nakuru, hadi Nairobi, hakuna."

"Itafika Desemba?" Mzee Tonui akauliza.

"Desemba kuna nini?"

"Chepkoech anaolewa."

Chepkoech alikuwa binti yake wa mwisho. Alilala utotoni akisikia hilo sanduku likilia chumba cha pili. Mzee alikuwa amemwahidi kwamba ataingia kwenye sherehe yake na gitaa la baba yake, kwa sauti ile ile. Na kama sanduku litakufa, alisema, atalitundika gitaa ukutani. Hakuna aliyecheka. Mzee Tonui hakuwa mtu wa kutishia.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Chelangat.

Mwalimu Chelangat alikuwa binti wa pale pale Kapkatet, aliyesomea kompyuta Nairobi akarudi kufundisha watu kupiga chapa katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mbegu. Alikuwa na kompyuta nne kuukuu. Tatu zilifundisha wanafunzi, na ya nne ilikuwa yake mwenyewe, ina Linux ambayo kaka yake alimtumia kwenye sahani ya sidii. Nilikutana naye aliponiletea skrini iliyokuwa ikitoa rangi ya kijani peke yake. Niliitengeneza. Alinishukuru, nami nikaishukuru sakafu.

Alipokuja kuichukua, akatukuta Mzee Tonui na mimi tukilitazama sanduku kama watu waliofiwa. Akaelezwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Sauti ikiingia kwenye kompyuta inakuwa namba tu. Ukijua amplifaya inafanya nini na kila namba, kompyuta inaweza kufanya vivyo hivyo."

Njoroge akasema, "Mwalimu, hii ni gitaa, si mtihani wa KCPE."

Lakini mimi sikulala vizuri juma lile. Namba tu! Jumamosi nilipanda ngazi za duka la mbegu, nikasimama mlangoni mpaka yeye mwenyewe aliponiambia niingie.

Vijana, nawapa sasa ushauri ambao hautazeeka. Programu ya kwanza ya sauti iwe ile isiyofanya kitu chochote. Isome namba kutoka kwenye kadi ya sauti na izitoe vile vile zilivyo. Basi. Ukiisikia sauti yako ikitoka kama ilivyoingia, umeshajenga nyumba. Yaliyobaki ni kupanga viti. Mwalimu Chelangat aliiandika kwa lugha ya C, ikirekodi kwanza na kutoa baadaye, mistari michache tu: soma, badilisha, toa. Hilo neno la katikati tuliliacha tupu kwanza.

Na ushauri wa pili: punguza sauti ya spika kabla ya kuendesha programu mpya. Sisi hatukupunguza. Tulikuwa tumesahau kwamba sauti huenda juu ya sifuri na chini ya sifuri, sisi tukazihesabu namba zote kuwa za juu. Kilichotoka kilikuwa kama posho mill, mashine ya kusaga unga, imeingia chumbani na mkanda wake umekatika. Wanafunzi wa chapa walikimbia. Mwenye duka la mbegu akapanda mbio na ndoo ya maji. Mimi niling'oa waya ukutani, na Mwalimu Chelangat akakaa chini akicheka mpaka akatoa machozi. Tangu siku hiyo haya yangu kwake yalipungua. Ni vigumu kumwonea haya mtu ambaye mmefukuza watu pamoja.

Sasa, je, amplifaya inafanya nini na kila namba? Njoroge ndiye aliyenifundisha njia ya kupima. Unaingiza mlio mmoja ulionyooka, mdogo sana, unapima kinachotoka. Unauongeza kidogo, unapima tena. Unaendelea mpaka mwisho. Mwanzoni kinachotoka kinapanda sawa na kinachoingia. Halafu kinaanza kuchoka. Hapo panapochoka ndipo ukali wa Mzee Tonui ulipoishi. Ukiziandika namba hizo zote, unapata jedwali, na kompyuta inalitazama jedwali hilo kwa kila namba inayopita. Huhitaji hesabu ya chuo kikuu. Unahitaji mita, diodi moja, kapasita moja ya kushikilia kilele ili mita iweze kukisoma, na uvumilivu. Unapima kilele cha juu, unageuza diodi, unapima kilele cha chini, kwa sababu kwa amplifaya inayosukuma spika kwa valvu moja, juu na chini havilingani.

Tulipanga hatua sitini na nne.

Shida ilikuwa moja, na nyote mmeshaiona. Kupima kunaila valvu. Hasa hatua za juu, ambapo unaikamua. Njoroge alimweleza Mzee Tonui bila kuficha: valvu ikipumzishwa mpaka Desemba, huenda ikapiga nyimbo mbili tatu za harusi, huenda isipige. Ikipimwa sasa, huenda ikafa mezani.

Mzee akamwuliza Mwalimu Chelangat, "Kupima kutachukua muda gani?"

"Mimi nitakuwa kwenye kibodi nikiongeza mlio," akasema. "Anayeandika akiandika haraka, hata saa moja haifiki."

"Nani anaandika?"

Wote wakanitazama. Na mimi, Ogeto, ambaye mbele ya watu sikuwa nasema hata jina langu, nikafungua mdomo.

"Mimi. Nitaandika haraka, Mzee."

Mpaka leo sijui neno hilo lilitoka wapi. Shuleni nilichapwa kwa ajili ya mwandiko wangu mpaka nikajifunza kuichora kila herufi, na tarakimu nilizichora polepole zaidi, kwa kuogopa saba yangu isionekane moja. Nilijua kabisa kwamba siandiki haraka. Lakini Mwalimu Chelangat alikuwa ananitazama, Mzee alikuwa ananitazama, na kusema "mkono wangu ni mzito" kulinishinda.

"Kongoi, weri," Mzee akasema. Asante, kijana. "Pimeni."

Tulipima Jumamosi alasiri, chumba cha juu, madirisha wazi. Njoroge alishikilia mita na kusoma. Mwalimu Chelangat aliongeza mlio. Mimi niliandika kwenye daftari la mistari.

"Hatua ya kumi. Juu, tatu nukta nne. Chini, tatu nukta mbili," Njoroge anasoma.

Mimi nachora tatu.

"Umeandika?"

"Bado."

"Ogeto, unaandika ama unafuma kikapu?"

Wakacheka, nikacheka nao, nikaendelea kuchora. Huku valvu inawaka. Saa ikaisha tukiwa hatua ya ishirini na tano. Mwalimu Chelangat akaniuliza kama tubadilishane, yeye aandike na mimi nibonyeze. Hilo ndilo swali ambalo lingeokoa kila kitu. Nikasema, "Hapana, niko sawa."

Hatua ya arobaini na moja, glasi ikaonyesha rangi ya zambarau, kitu ndani kikawa chekundu kama kaa la moto, sanduku likatoa mlio kama paka aliyekanyagwa, halafu kimya. Njoroge akazima. Akainusa, kwa mazoea tu.

"Pole," akasema. Hakuna aliyejua anamwambia nani.

Hatua ishirini na tatu zilibaki. Na zilikuwa za juu, zile za ukali, zile zilizomfanya Mzee kuwa Mzee Tonui. Nilikuwa nimeiandika vizuri sana, kwa tarakimu nzuri, sauti ya amplifaya inayonong'ona.

Nilikwenda nyumbani kwake peke yangu siku iliyofuata baada ya kanisa. Njoroge alitaka kunisindikiza, nikakataa. Mke wa Mzee alinipa mursik, maziwa yaliyochachuka kibuyuni, kwenye kikombe kikubwa, nikanywa yote ili nisiseme. Kikombe kikaisha.

"Mzee, valvu imekufa."

"Nimesikia. Kapkatet ni ndogo."

"Ni mimi. Siandiki haraka. Nilijua siandiki haraka."

Akanitazama. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

Mzee Tonui akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Weri," akasema, "mimi sijui kuandika kabisa. Wananiwekea wino kwenye kidole. Ungeniambia, tungeona aibu pamoja, halafu Mwalimu angeandika." Akajifuta macho. Halafu akaacha kucheka. "Lakini sanduku limekufa kweli. Umebakisha ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Basi hizo nitakuambia mimi. Ziko hapa." Akainua mkono wake wa kulia.

Kwa hiyo tulianza kazi nyingine, ya kulijaza jedwali kwa masikio. Lakini kwanza ilibidi gitaa lipite kwenye kompyuta papo kwa papo, na hapo tukagonga ukuta. Kadi yetu ya sauti ilikuwa ya bei rahisi: ikisikiliza haisemi, ikisema haisikilizi. Mwalimu Chelangat akang'oa kadi nyingine kutoka kompyuta ya wanafunzi, akaiweka ya pili kando ya ya kwanza. Linux ikazikubali zote mbili bila kelele. Moja ikawa sikio, nyingine mdomo. Nami nikatengeneza kisanduku cha transista ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, kwa betri za tochi, ili kuongeza nguvu ya gitaa kabla halijaingia.

Ni Njoroge aliyelisema, akiwa amesimama mlangoni na mkate mdomoni. "Hizi kadi mbili mngekuwa nazo ile Jumamosi, si kompyuta ingejipimia yenyewe? Dakika moja?"

Mwalimu Chelangat na mimi tukatazamana. Ilikuwa kweli. Kadi ile ilikuwa imekaa hatua tatu kutoka kwenye meza, wakati mimi nachora saba. Tulimwomba Njoroge akaendelee kula mkate wake nje.

Kosa lingine lilikuwa la kuchelewa. Mzee anagusa waya, sauti inatoka baadaye, kama mwangwi wa bonde. "Hii mashine inanifuata kama mtoto," akalalamika. Mwalimu Chelangat akanieleza kwamba kompyuta inakusanya namba nyingi kabla ya kuzipeleka. Hilo nililielewa mara moja, kwa maana nililelewa kwenye chai. Mchunaji hasubiri shamba zima. Akijaza kikapu anakwenda kwenye mizani. Kikapu kikiwa kikubwa, mizani inangoja. Kikiwa kidogo mno, siku nzima unatembea na huchuni kitu, na kompyuta ikitembea hivyo inaanza kutoa milio ya tik tik. Tukapunguza kikapu kidogo kidogo mpaka tik tik zikaanza, halafu tukarudi hatua moja. Hata leo, na kompyuta zenu za kukunja, fanyeni hivyo hivyo.

Basi zikabaki namba ishirini na tatu. Na hapa nilifanya kosa ambalo ni mtoto wa laini za chai tu angelifanya. Mnajua jinsi wachunaji wapya wanavyofundishwa: unalaza ufito juu ya mti wa chai, na kila jani linalochomoza juu ya ufito linachunwa, ili meza ya chai ibaki sawa. Nikaona, aha, amplifaya ni ufito. Kila kinachozidi, kata. Nikaandika namba moja ile ile mara ishirini na tatu. Kwa mara ya kwanza maishani niliandika haraka.

Mzee Tonui akakaza mkono kwenye gitaa. Ikatoka sauti ya bati linalokokotwa kwenye changarawe.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ufito, Mzee."

"Iondoe."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumsaidia Mama kuchuna. Nilimweleza shida yangu, si kwa kutarajia jibu, ila kwa kuwa mistari ya chai ni mirefu. Hakuacha kuchuna. Mikono yake ilikuwa inatembea juu ya majani kama inapapasa mgongo wa ng'ombe.

"Baba," akaniita, kwa kuwa nina jina la baba yake, "ufito ni wa watu wageni. Niangalie mimi. Mkono wangu unangoja ufito?"

Nikaangalia. Haukungoja. Karibu na usawa wa meza alichukua machache, mbele kidogo akachukua zaidi, na yale yaliyochomoza sana akayachukua yote. Hapakuwa na mahali ambapo ungesema hapa ndipo alipoanza kukata.

"Unaanza kupunguza kabla hujafika," akasema. "Na sisi tuko mlimani. Meza ya chai inalala na mlima. Upande huu si sawa na upande ule. Ufito utaujuaje mlima?"

Niliacha kikapu palepale. Nadhani aliniita, sikusikia. Nilifika Kapkatet na matope hadi magotini, nikaomba daftari, nikaandika namba ishirini na tatu upya: zinapanda, zinapanda kidogo, zinapanda kidogo mno, kama mtu anayefika kileleni amechoka. Na za chini nikazifanya zichoke mapema kuliko za juu, kama zile arobaini na moja zilivyokuwa zimeshaanza kufanya.

Mzee Tonui akapiga. Akapiga tena.

"Hii ni maziwa ya leo," akasema. "Mimi nataka mursik."

Kwa hiyo tukaichachusha. Alasiri tatu. Yeye anapiga, anasema "chachu kidogo", mimi nabadilisha namba, Mwalimu Chelangat anaendesha. Tulijaribu na honi ya spika ya kanisa, ikalia kama mzinga wa nyuki. Ndipo tukajifunza kwamba spika ya zamani ya Mzee ilikuwa ikiyala makali ya juu, na kwamba nusu ya amplifaya ni spika yake. Tukairudisha spika ileile ndani ya sanduku lake, ikisukumwa na mashine ya sauti ya kanisa. Na alasiri ya tatu, Mzee akainua mkono.

"Hapo. Mtu asiguse."

Siku ya harusi kompyuta ilifika kwenye boma ikiwa imefungwa kwenye gunia la majani ya chai, juu ya pikapu, mimi nimeikumbatia. Tuliiweka chini ya turubai karibu na jenereta. Shangazi mmoja akaniuliza kama tutaonyesha mpira. Mwingine akaniuliza kama hiyo televisheni inashika idhaa ya Uganda.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu Chelangat na mimi tulilijua na wengine hawakulijua. Zile kadi mbili hazikuwa zikipiga hatua sawa. Moja ilikuwa na haraka kidogo kuliko mwenzake. Baada ya dakika sita hivi, namba ziliishia njiani na ukatoka mpasuko mkubwa kama wa fataki. Dawa yetu ilikuwa kuzima programu na kuiwasha kati ya wimbo na wimbo. Tulimwambia Mzee: dakika tano, usizidishe. Akakubali.

Chepkoech akaingia. Mzee akaanza. Sauti ilikuwa safi kama maji ya mto, wanawake wakaanza kuitikia, na dakika ya tatu akakaza mkono, na ule ukali ukaja, ule wa kuimba huku ukitaka kulia. Nikasikia boma zima likibadilika. Dakika ya nne. Ya tano. Mzee amefumba macho. Chepkoech ndio kwanza amefika katikati ya uwanja, amesimama, anasikiliza.

Mwalimu Chelangat akanishika mkono. "Mwambie amalize!"

Mbele ya watu mia tatu? Mimi? Lakini nilikuwa nimeshanyamaza mara moja, na mnajua kilichotokea. Nikatoka chini ya turubai, nikatembea mpaka kwa Mzee, mbele ya kila mtu, nikamwambia sikioni, si polepole, "Mzee, malizia sasa!"

Akafumbua macho, akazungusha gitaa mara mbili, akamaliza. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na ndani ya makofi hayo ule mpasuko ukatoka, pwa! Wakadhani ni fataki za harusi. Wakashangilia zaidi.

Chepkoech akaja mpaka kwa baba yake na nguo yake nyeupe. Hakuitazama kompyuta. Alilitazama lile sanduku la mbao.

"Baba, Njoroge si alisema haipatikani? Mlipata wapi valvu?"

Mzee Tonui akanionyesha kwa kidole, kile cha wino.

"Muulize huyu," akasema. "Lakini mpe muda."

Nimefanya kazi ya sauti miaka mingi baada ya siku ile, mpaka macho yalipokataa kuona waya nyembamba. Daftari bado ninalo. Mistari arobaini na moja ni ya valvu, mistari ishirini na tatu ni ya mkono wa Mzee na wa Mama yangu, na mimi mwenyewe nikisikiliza siwezi kukuambia mpaka uko wapi.

Sasa ni zamu yenu. Niandikieni. Nielezeni programu yenu ya kwanza isiyofanya kitu ilifanya nini, na ilimfukuza nani chumbani. Kama kuna jambo hamliwezi, liandikeni mwanzo kabisa wa barua, kama nilivyofanya mimi. Mpeni mwalimu wenu, atanifikishia. Msiharakishe. Mimi nitangoja, na kujibu pia nitajibu, ila mjue itachukua wiki mbili.

Fundi Ogeto